Kizibao cha joto: mwongozo kwa bodaboda wa Kagoma na mvuvi wa dagaa

Mtu wa Makete akisikia watu wa Muleba wanalalamikia baridi, atacheka. Kwao Julai huamka wakakuta barafu juu ya majani. Kwetu kipimajoto cha Bukoba ni nadra kushuka chini ya nyuzi 15, hata usiku wa manane. Kwa kipimo hicho hakuna haja ya nguo yenye betri. Lakini kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku kikavu, chenye kivuli, kisichopigwa na upepo wala mvua. Dereva wa bodaboda anayetoka Kagoma saa kumi na moja alfajiri kumwahisha abiria wa basi hayumo ndani ya kisanduku hicho. Tangu lami ya Muhutwe hadi Kagoma ikamilike, na ile ya kilomita 154 kutoka Kagoma kupitia Biharamulo hadi Lusahunga, mwendo umeongezeka, na upepo wa kifuani umeongezeka nao. Mvuvi wa dagaa aliyetoka mwaloni jioni kuelekea upande wa Bumbire au Goziba hayumo pia. Hawa wawili ndio ninaowaandikia.

Mvua za ukanda huu zina saa zake. Usiku hewa baridi hushuka kutoka nchi kavu pande zote na kuingia ziwani, inakutana juu ya maji yenye uvuguvugu wa nyuzi 24 au 25, na hapo mawingu ya radi hujijenga. Pepo za mashariki huyasukuma kuja upande wetu. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na nyingi yake hutunyeshea usiku mkubwa hadi asubuhi. Saa hizo ndizo mvuvi yuko kazini na bodaboda anawasha pikipiki. Baridi ya Kagera, kwa hiyo, ni baridi ya maji na upepo. Ukilisahau hilo utajenga kifaa kizuri kisicho na faida.

Fanya hesabu hii kabla hujanunua hata waya. Shati na sweta vikilowa sawasawa hubeba nusu lita ya maji bila taabu. Maji hayo hayakauki bure: yanahitaji joto la takriban wati-saa 340, na sehemu kubwa ya joto hilo huchotwa mwilini mwako. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye ving'ora vya milango, ikijaa ina wati-saa 84 tu. Utahitaji betri nne kamili kukausha nguo ulizovaa, na kabla hazijakauka mvua itakuwa imezilowesha tena. Umeme wa kubebeka hauwezi kupigana na maji. Kazi yake ni kuongeza joto kidogo kwa mtu ambaye tayari ni mkavu na amekingwa na upepo.

Anza na koti

Hatua ya kwanza haina umeme. Tafuta koti la mvua la plastiki nzito au la mpira, lenye kofia na mikono mirefu inayobana viganjani. Bodaboda wengi huvaa koti kinyume, zipu ikiwa mgongoni, na wanajua wanachofanya: upepo unaopenya kwenye meno ya zipu na kwenye shingo hukosa njia. Abiria akikaa nyuma anakukinga mgongo. Kifua hakina wa kukikinga. Kama koti lako halina kofia, funga kitambaa shingoni kabla ya kuvaa helmeti, kwa sababu maji mengi yanayomlowesha dereva ndani ya koti yanaingilia hapo na kuteremka.

Chini ya koti, acha pamba. Fulana ya pamba ni tamu mchana, lakini ikilowa hunywa maji, hugandamana na ngozi na haikauki hadi jua litoke. Kwenye mitumba chambua nguo nyembamba ya polista ya kuvaa ndani, zile jezi za mpira zinafaa kabisa, na juu yake sweta la sufu au la manyoya laini ya polista. Nguo za namna hiyo hata zikilowa unazikamua na kuzivaa, na bado zinabaki na hewa ndani yake. Hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto.

Vaa hivyo kwa wiki moja ya mvua. Huenda ukagundua kwamba huhitaji betri kabisa. Ishia hapo, utakuwa umeokoa fedha. Anayehitaji kuendelea ni yule anayekaa saa nyingi bila kujisogeza: dereva wa safari ndefu za alfajiri, na mvuvi anayesubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Zamani, enzi za karabai, mtu aliyekuwa karibu na taa alipata walau pa kupashia viganja. Taa za LED zimepunguza gharama ya mafuta ya taa na harufu yake, lakini hazina moto wa kuota.

Kizibao kinatosha

Wengi wanaoanza kazi hii huwaza suti nzima: suruali, mikono, glavu, hata soksi zenye waya. Waza kidogo zaidi. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Ukimwongezea wati 20 kifuani na mgongoni umemwongezea moja ya tano, na ndani ya koti lisilopitisha upepo hiyo ni tofauti kubwa. Vidole navyo hufaidika bila kuwekewa waya. Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoa hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kuokoa moyo na mapafu. Kiwiliwili kikipata joto mishipa hufunguka na damu vuguvugu hufika vidoleni. Glavu za umeme zina viungo vinavyokunjwa kila dakika kwenye klachi na breki, na huko ndiko waya hukatika kwanza.

Nguo za umeme zina historia ndefu. Marubani walizivaa tangu Vita Kuu ya Kwanza, na katika Vita Kuu ya Pili askari wa ndege za mabomu za Marekani, waliokuwa wakiruka kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, walipewa suti za volti 24. Suti yao ya mwanzo, F-1, iliyopewa jina la utani la Blue Bunny, ilikuwa imeunganishwa kwa mfululizo: umeme ulipita kiungo kimoja hadi kingine. Waya ukikatika sehemu moja, suti nzima ilizimika mtu akiwa juu mawinguni. Suti zilizofuata ziliunganishwa sambamba, kila sehemu na njia yake. Sisi tutaanza na somo hilo tayari mkononi.

Waya na hesabu yake

Waya unaofaa ni wa nyuzi za kaboni wenye ganda la silikoni, ule wa omu 33 kwa kila mita. Ni mlaini, hauchakai haraka kwa kukunjwa, na joto lake husambaa sawasawa. Usitegemee kuukuta kwenye maduka ya kawaida ya Muleba. Agiza mtandaoni, au mtume mfanyabiashara anayekwenda Kariakoo. Utahitaji mita nne, nunua tano. Usichomoe waya wa blanketi la umeme la ukutani: umepimwa kwa volti 230, na kwa volti 12 hautapata joto la maana. Usitumie pia ule waya mtupu wa jiko la umeme. Hauna ganda, na mwisho wake ni shimo kwenye sweta kama si kwenye ngozi.

Kata vipande vinne, kila kimoja mita moja. Kila kipande kina omu 33. Ukikiunganisha na betri ya volti 12.8 kitapitisha umeme wa takriban ampea 0.39 na kutoa wati 5. Vinne vikiunganishwa sambamba vitatoa wati 20 na kuvuta ampea 1.55. Urefu huo usiubadilishe kwa kubahatisha. Mtu akikata kipande cha nusu mita akidhani anabana matumizi, kipande hicho kitatoa wati 10 kwenye nusu ya urefu, yaani kila sentimita inapata joto mara nne. Waya mfupi ndio unaounguza, mrefu hupooza. Wengi hulikariri hilo kinyume.

Kaboni ina tabia moja inayowashinda mafundi redio wazuri: haishiki risasi ya kulehemea. Fundi atayeyusha risasi, itaonekana imeshika, na siku ya tatu kiungo kitakuwa kimechomoka. Njia sahihi ni kubana. Menya ganda kiasi cha sentimita moja na nusu, zilaze nyuzi za kaboni pamoja na nyuzi za waya wa shaba ndani ya kibomba kidogo cha shaba, bana kwa nguvu kwa koleo la kubania vichwa vya waya, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani ili maji yasipenye. Viungo viko vinane, viwili kwa kila kipande. Kila kimoja ukishakimaliza, weka mita ya kupimia kwenye ncha mbili za kipande na kitikise kiungo. Mita ikionyesha kama omu 33 na kutulia, endelea. Ikirukaruka, kata uanze upya. Kiungo kilicholegea hupata joto kuliko waya wenyewe, na moto wa nguo huanzia hapo.

Vifaa vingine ni vya kawaida: waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, wenye nyuzi nyingi. Fyuzi ya gari ya ampea 3 pamoja na kikalio chake. Plagi mbili zinazochomoka kwa kuvutwa. Kipunguza mwanga cha volti 12 cha taa za LED za utepe, ambacho hapa kitapunguza joto badala ya mwanga. Na kikata-joto kidogo cha nyuzi 45 au 40, ambacho mafundi wa vifaa vya umeme hukijua kwa namba KSD9700. Hiki kinunue cha aina inayopitisha umeme kikiwa baridi na kukata kikipata joto. Kipo pia cha kufanya kinyume, na kwa macho vinafanana.

Kwa fundi cherehani

Usishonee waya moja kwa moja kwenye sweta. Mwambie fundi akushonee kizibao chepesi cha kitambaa cha polista, na kwa ndani yake paneli nne za vitambaa viwili viwili zinazofungwa kwa vifungo. Waya utakaa ndani ya paneli, na siku ya kufua utazichomoa zote. Paneli moja ikae kati ya mabega ikipanda hadi mwanzo wa shingo, ya pili kiunoni juu ya figo, na mbili kifuani, moja kila upande wa zipu. Mvuvi anayeinama kuvuta nyavu anaweza kuhamisha moja ya kifuani aipeleke mgongoni. Dereva aziache mbele, kwa kuwa upepo wake unatoka mbele.

Mita moja ya waya hukaa vizuri kwenye mistari minne ya sentimita 22, ikitengana kwa sentimita 4 na kugeuka kwa mviringo mpana kila mwisho. Usiukunje kwa pembe kali. Mwambie fundi, "Mama, nipigie mifereji kwanza, waya nitaupitisha mwenyewe." Sindano ya cherehani ikipita juu ya waya hutoboa ganda bila wewe kuona. Waya ukishapita, ushikize kwa mshono wa mkono unaovuka juu yake kila baada ya sentimita tano, ili usijikusanye mahali pamoja. Mistari miwili ikigusana, sehemu hiyo inapata joto mara mbili. Viungo vya kubana viwe pembezoni mwa paneli, mahali pasipokunjwa, na kila kimoja kishonewe kwenye kitambaa ili mvuto wa waya uishie kwenye uzi.

Kikata-joto kishone kwenye paneli ya kiunoni kikigusana na waya wenyewe, kwa sababu hapo mkanda na mwegemeo hubana nguo na joto hujikusanya. Kiunganishwe kwenye njia ya chanya kabla haijagawanyika kwenda kwenye paneli nne, ili kikikata kizime zote.

Kizibao hakivaliwi kwenye ngozi tupu. Ngozi ikiguswa na kitu cha nyuzi 44 kwa saa kama sita huungua, ingawa mhusika hahisi chochote zaidi ya uvuguvugu mtamu. Ndani vaa ile jezi, kisha kizibao, kisha sweta, kisha koti la mvua. Mpangilio huo usiugeuze. Ukivaa kizibao juu ya sweta, joto utalipeleka kwenye koti, na koti litalipa upepo.

Betri

Hapa ndipo fedha nyingi huenda, na bodaboda na mvuvi hapa wanatengana.

Dereva asichukue umeme wa pikipiki. Mfumo wa umeme wa pikipiki za cc 100 hadi 150, Boxer, TVS na nyinginezo, umepimwa kwa taa, honi na indiketa. Ukiubebesha wati 20 za mfululizo, utamaliza betri ukiwa Nshamba na kurudi bila honi. Beba betri yako. Iliyo bora ni ya lithiamu-chuma-fosfeti, volti 12.8, ampea-saa 6, yenye saketi ya ulinzi ndani, ambayo mafundi huiita BMS. Ina wati-saa 77, uzito wake haufiki kilo moja, na kwa nguvu zote itakupa saa tatu na nusu hivi. Kwa nusu nguvu, saa saba. Nusu nguvu ndiyo utakayoitumia mara nyingi. Ina bei kuliko ya risasi, lakini hudumu miaka mingi zaidi.

Kama fedha hazitoshi, angalia bomba la kunyunyizia dawa la betri, lile la kubeba mgongoni. Mengi yana betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 8, na mkulima wa kahawa hanyunyizi kila siku. Betri hiyo ina kilo mbili na zaidi, na usiimalize: ya risasi ikitumiwa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema. Ipumzishe kidogo, kisha ipime. Volti 12.7 ni imejaa, ikisoma 12.0 umeshavuka nusu, ichaji. Hesabu saa mbili kwa nguvu zote, nne kwa nusu. Iweke kwenye mkoba uliofungwa kwenye pikipiki, usiibebe mwilini. Ukianguka, plagi ivutike yenyewe na betri ibaki na pikipiki.

Betri za lithiamu zilizochambuliwa kutoka kompyuta mpakato zilizokufa ziache, hata kama rafiki yako amezifunga kwa tepu vizuri. Bila saketi ya ulinzi, moja ikizidiwa hushika moto usiozimika kirahisi, na itakuwa imefungwa kifuani pako chini ya koti ulilovaa kinyume.

Mvuvi anayo tayari betri mtumbwini, ile ya taa. Lakini usiiguse kwa haraka. Mtu mmoja akitumia wati 20 kwa saa nane atakula wati-saa 160. Wanne wakifanya hivyo ni 640, na betri ya ampea-saa 50 ikiwa imejaa ina 600 tu. Taa zitafifia kabla ya alfajiri, dagaa watatawanyika, na wote mtarudi na joto bila mboga. Vizibao viwe na betri yao.

Tena, mvuvi asijifungie betri mwilini kwa hali yoyote. Kilo mbili kiunoni, mtumbwi ukipinduka, ni kilo mbili zinazokuvuta chini. Betri ikae ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, limefungwa kwenye ubao juu ya maji yanayokusanyika chini ya mtumbwi, na waya uje kwako kwa plagi inayoachia ukivutwa kidogo. Jaketi la kuokolea livaliwe juu ya kila kitu, juu ya koti pia. Kama koti na kizibao vinalifanya lisifunge, punguza sweta, usipunguze jaketi.

Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, ndani ya sentimita 15, kwa dereva na kwa mvuvi vilevile. Fyuzi iliyowekwa kwenye kizibao hailindi waya ulio kati yake na betri, na waya huo ndio unaosuguliwa na kiti na kukanyagwa na buti. Volti 12 kwa kawaida haziwezi kukurusha hata ukiwa umelowa chapachapa. Hatari yake ni cheche na moto. Kwa hiyo usichomeke wala kuchomoa plagi unapojaza petroli, iwe kituoni au kwenye tangi la injini ya mtumbwi. Zima kwanza, sogea, ndipo uguse waya.

Kuchaji ni kazi ya mchana. Paneli ya sola ya wati 20 pamoja na kidhibiti chaji inatosha betri hizi ndogo siku ya jua. Siku ya mawingu, na Kagera mawingu si haba, tumia chaja ya umeme wa nyumbani. Chaja ya betri ya risasi na ya lithiamu si kitu kimoja. Nunua inayotaja aina ya betri yako kwenye kibandiko.

Kujaribu

Kabla ya kukivaa, pima mkusanyiko wote bila betri, kutoka chanya hadi hasi, kipunguza joto kikiwa kimetolewa. Mita isome karibu na omu 8. Ikisoma 11, kipande kimoja hakijashika. Ikisoma 16, viwili. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali, na betri usiikaribishe.

Kisha kitandaze mezani, kifunike kwa blanketi lililokunjwa, kiwashe kwa nguvu zote kwa nusu saa, nawe ukae hapo hapo. Blanketi linaiga hali mbaya kuliko zote, joto lisilo na pa kutokea. Baada ya nusu saa pitisha kiganja kwenye kila paneli na kila kiungo. Uvuguvugu uwe sawa kila mahali. Ukikuta nukta moja inayochoma, ama mistari imesogeleana ama kiungo ni kibovu. Kikata-joto nacho kikikata na kurudisha wakati huo, kinafanya kazi yake. Kisipokata hata mara moja na kitambaa kinaunguza kiganja, kipo mahali pasipofaa.

Jioni ya kwanza kivae nyumbani ukiwa umekaa, macho. Usilale nacho, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, hata wakati wa kusubiri nyavu: aliyelala hahisi kuungua. Kwa sababu hiyo hiyo hakimfai mtoto, wala mwenye kisukari ambaye ngozi yake imeanza kufa ganzi, wala aliyekunywa. Rubisi na konyagi hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi amepata joto huku mwili ukilimwaga nje, na hisia za kumwonya zimelala. Kama kuna kinywaji cha kubeba kwenye chupa ya chai, kiwe uji au chai yenye sukari.

Kila mwezi wa mvua rudia kipimo cha omu. Namba ikipanda kutoka 8 kwenda 9, kuna nyuzi zinazokatika au kutu imeingia kwenye kiungo. Usingoje harufu.

Kizibao si dawa. Mwenzako akitetemeka hadi kutetemeka kwenyewe kukome, akianza kuzungumza ovyo au kushindwa kufunga kifungo, ameshapita kiwango cha nguo za umeme. Mwondoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mfunike kwa vikavu, mpe kitu cha moto na kitamu kama anaweza kumeza, na mpelekeni hospitali: Rubya, Ndolage au Kagondo, iliyo karibu.

Kwa matajiri wenye mitumbwi nina ombi moja. Kabla ya kuongeza taa msimu ujao, nunueni makoti ya mvua na majaketi ya kuokolea kwa kila anayepanda, kisha betri moja ya pembeni kwa ajili ya vizibao. Watu watatu wakitumia nusu nguvu kwa saa nane hawafikii nusu ya betri ya ampea-saa 50.